John Cleland hakushinda mezani

Mtajie Mkenya dereva wa Kiskoti, na jina la kwanza kumtoka mdomoni litakuwa Colin McRae. Ana haki yake, maana jamaa alitwaa Safari Rally mara 3. Mskoti wangu mimi lakini ni wa lami. John Cleland aliuza magari kwao Uskoti huku akishindana kwenye British Touring Car Championship, mbio za magari yenye sura ya yale ya kupelekea watoto shule. Huko kugongana bampa ni salamu tu.

Wanaombeza huanzia 1989. Mwaka ule magari yaligawanywa madaraja manne kwa ukubwa wa injini, na kila daraja lilikuwa na pointi zake, zote zikihesabiwa kwenye taji moja. Mbele kabisa zilitangulia Ford Sierra RS500 zenye turbo, Cleland akiwa nyuma na Vauxhall Astra yake ya lita 2. Hakuna siku aliyovuka mstari wa kwanza kati ya wote, ila kwenye daraja lake alishinda mfululizo, na hesabu ya mwisho ikampa ubingwa. Basi wakasema ni ushindi wa mezani. Kwani nani aliandika kanuni, yeye? Wengine wote walizisoma kabla ya msimu kuanza.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba akitajwa leo, watu hukimbilia uwanja wa mbio wa Silverstone, Uingereza, Oktoba 1992. Nakubali, ile ni sinema. Watatu waliingia mbio za mwisho wakiwania taji: Cleland, Will Hoy na Tim Harvey wa BMW. Mwenzake Harvey wa timu, Steve Soper, aligongwa mapema akaangukia mkiani, kisha akapanda gari moja baada ya jingine hadi akawafikia. Akamwachia Harvey njia, akamgeukia Cleland. Akajichomeka ndani ya kona, wakasukumana. Cleland akamwonyesha kidole ambacho si cha heshima, na mtangazaji Murray Walker, kwa utani wake, akakitafsiri kuwa Cleland anasema anaitaka namba moja. Astra ilishastaafu, sasa alikuwa na Cavalier, nayo ikainuka magurudumu ya upande mmoja. Kona chache mbele wakavaana, wote wawili wakaishia hapo. Harvey akawa bingwa. Cleland, akiwa bado anafoka, akamwita Soper mnyama mbele ya kamera.

Kwangu mimi, kazi yake halisi ni ya 1995. Madaraja yalishafutwa, wote wana injini za lita 2, na viwanda vilikuwa vikimwaga fedha. Renault Laguna ya Alain Menu iliandaliwa na Williams, wale wale wa Formula 1. Cleland alikuwa na Cavalier, gari lililokuwa katika msimu wake wa mwisho, Vauxhall Vectra ikisubiri kuichukulia nafasi, na bado akamwacha Menu kwa pointi akawa bingwa. Hapo hapakuwa na daraja la kujifichia.

Vectra haikumpa raha. Hata hivyo, kwenye uwanja wa Donington 1998, mvua ikinyesha na umati wote ukimtazama Nigel Mansell, bingwa wa zamani wa Formula 1, akiongoza ndani ya Ford Mondeo, aliyeshinda ni muuza magari. Mwisho wa 1999 akatundika helmeti.