Sikuwa Najibusu, Nilikuwa Napuliza

Najua mmeshapata hadithi ile ya kwanza. Rafiki yangu, ambaye tangu jana jioni nimemshusha cheo na sasa ni mtu tunayefahamiana tu, amewaambia kwamba alifungua mlango akanikuta nimeinamia kioo, midomo mbele, najibusu, na mapenzi yakazidi nikanasa. Ameweka na picha. Picha ni ya kweli. Midomo ni yangu. Maelezo ni uongo, na nimekuja kuyanyoosha kidevu kikiwa bado kinawasha.

Mnajua ugonjwa wangu. Nikiona video ya mtu anageuza kopo kuwa taa au gazeti kuwa bakuli, mkono unaanza kuniwasha. (Wale mliokuwapo siku ya rafu, kaeni kimya. Rafu imeshazikwa.) Safari hii ilikuwa fremu ya kioo. Kioo cha mviringo cha sentimita 30, fremu pana ya mbao, na kopo la vifungo vya mashati yaliyokwisha kufa. Unapanga vifungo, vikubwa nje vidogo ndani, unabandika kwa gundi nyeupe, unaacha vilale usiku kucha. Mtoto wa miaka 7 anaweza. Video yenyewe ilisema hivyo, na kwa kweli alikuwa mtoto wa miaka 7 anayefanya.

Kilichonishinda ni hayo maneno mawili, "usiku kucha". Mimi ni mtu wa kusubiri kitu mpaka kesho? Kwenye droo kulikuwa na supaglu. Gundi nyeupe inataka saa nyingi, supaglu inataka sekunde. Nikajiona nimemzidi akili yule mtoto.

Vifungo 22 vya mwanzo vilikaa kama vimezaliwa pale. Cha 23, tyubu ikaziba. Nikaichokoa kwa sindano. Nikaminya, kimya. Nikaminya tena, kimya. Nikaishika kwa mikono miwili nikaminya kama mtu anayedai deni, na ikatoa kila kitu ilichokuwa inakificha tangu inunuliwe. Kidimbwi kizima kikatua kwenye fremu, upande wa kwangu. Kingine kikaniingia kati ya dole gumba na kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, ambavyo vilikuwa vimeshika kifungo cha kijani. Kuanzia hapo mkono wangu wa kushoto ulikuwa unawaambia watu wote "safi kabisa", na uliendelea kusema hivyo kwa saa nne.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo kesi yangu ilipo.

Kioo kimelala mezani. Kidimbwi kinang'aa. Mimi nafikiri: kitu kibichi kinakaushwa kwa upepo. Nguo tunaanika, rangi tunaanika, hata uji wa moto tunaupuliza. Basi nikaweka kiwiko mezani, nikainama mpaka pua ikakaribia kioo, nikakusanya midomo, nikaanza kupuliza. Fuuu. Fuuu. Hiyo ndiyo midomo mnayoiona kwenye picha. Ni midomo ya kazi.

Ambacho sikukijua, na nimekisoma usiku kwa jicho moja, ni kwamba supaglu haikaushwi na upepo. Inagandishwa na unyevunyevu. Tone la jasho linaitosha, na pumzi ya binadamu imejaa mvuke tele. Kwa hiyo kila nilipopuliza nilikuwa naichokoza.

Kiwiko kilikuwa kimekanyaga kifungo. Kile kikubwa cha koti, cha mviringo, kilichosimama kwa ubavu. Nilikisikia kikianza kubingiria. Naapa nilikisikia: krrrr. Kiwiko kikaenda nacho, bega likafuata kiwiko, na kichwa, ambacho siku zote kinafuata mkumbo, kikafuata bega. Mkono wa kulia ulikuwa na tyubu. Mkono wa kushoto ulikuwa unasema "safi kabisa". Hakuna wa kunidaka. Nikaona kidimbwi kinakuja. Nilipata hata nafasi ya kufikiria, "Si kwenye ndevu." Ndevu zenyewe mnazijua, ni kumi na kidogo, nimezilea miezi mitano kama miche ya mikorosho, na mbili kati yake zilikuwa zimeanza kujikunja.

Kidevu kikatua kwa chini, pale pale ndevu zinapoota, katikati ya kidimbwi. Taratibu, kama muhuri wa serikali.

Sikuvuta. Niseme ukweli, nilivuta. Nilivuta kidogo, na ngozi yote ya kidevu ikanyanyuka kama hema, nikarudi chini upesi. Nikabaki hapo, shavu linatetemeka, macho mbele. Na kioo, kwa kuwa kilikuwa kimelala, kilinionyesha kitu ambacho hakuna mtu anayepaswa kujionyeshea mwenyewe: matundu ya pua yangu, yote mawili, kwa ukubwa wake halisi, kutoka chini. Nilikaa nayo dakika nzima. Nimezifahamu nywele za humo ndani moja moja. Midomo nilikuwa sijaikunjua, kwa woga kwamba nikiishusha nayo itanasa.

Ndipo mlango ukafunguliwa.

Kuna vitu vingi mtu angeweza kusema. "Pole." "Umefanyaje?" "Nikusaidie wapi?" Yeye alisimama, akanitazama, akasema kwa sauti ya chini ya heshima, "Samahani, nilidhani uko peke yako." Halafu akapiga picha.

Alipomaliza kucheka sakafuni, akaamua kuniokoa, na hapo ndipo niliposhukuru kwamba yeye si daktari. Aliona kidimbwi bado kibichi kando ya kidevu, akakimbilia pamba. Wazo zuri eti, pamba inanyonya. Akachovya bonge zima. Wapendwa, msichovye pamba kwenye supaglu. Nyuzi za pamba zinaigandisha yote kwa mkupuo, na ikiganda kwa kasi hiyo inatoa joto, joto la kuunguza. Nilisikia harufu kwanza. Kisha nikaona, kwenye kioo, karibu na tundu la kushoto, kamoshi kembamba kanapanda.

"Rafiki," nikasema bila kufungua kinywa, "naungua."

"Huungui, ni mvuke."

"NAUNGUA!"

Akamwaga maji. Bilauri nzima. Joto likatulia, na gundi yote iliyokuwa bado inafikiria kuganda au kutoganda ikafanya uamuzi hapo hapo. Unyevunyevu, mnakumbuka? Sasa nilikuwa na kidevu, kioo, na bonge la pamba gumu kama jiwe, vitu vitatu ndani ya mwili mmoja.

Akasema amewahi kusikia kwamba asetoni inayeyusha supaglu, ile dawa ya kutolea rangi ya kucha. Na hilo ni kweli, ndilo jambo pekee la kweli alilosema siku nzima. Akaleta chupa, akaimimina kwenye kile kikombe cheupe chepesi cha kutupa, kile kama povu lililoganda. Tukakitazama. Kikombe kikawa kinakaa chini polepole, kama mzee anayetafuta kiti, mpaka kitako kikaisha chote, na asetoni ikatambaa juu ya meza ikala vanishi. Asetoni inayeyusha hata vikombe vya aina hiyo. Meza sasa ina doa lenye umbo la ziwa. Kwangu halikufika tone, na labda ni heri, kwa sababu ile dawa haitakiwi karibu na mdomo wala macho, na pale chini ya pua mimi nilikuwa navuta kila kitu.

Tukaenda kituo cha afya. Kwa miguu. Kioo kilinikaa chini ya kidevu kama sinia, nimekishikilia kwa mkono wa kulia ukingo wa mbele, maana nikikiachia uzito wote unaning'inia kwenye ngozi. Akanifunika shuka kichwani, ili nisitambulike. Kutoka mbali nilikuwa meza inayotembea. Shuka ikaanguka kwenye kona ya kwanza, jua likapiga kioo, na nikawa namulika madirisha, na madereva, na mbwa mmoja ambaye alikimbiza ule mwanga ukutani mpaka tukampoteza.

Foleni ilikuwa ndefu. Ninyi mnaosema "ungepita mbele, ilikuwa dharura", jaribuni nyie kumwambia mtu mwenye homa akupishe kwa sababu ya ndevu.

Mkono ulikuwa unachoka, na kila ukichoka ukingo wa mbele unashuka, na ukishuka tu kioo kinawaelekea walioketi mbele yangu. Mama mmoja akajiona. Akanitazama kama anaomba ruhusa, kisha akasogea, akafuta kitu kwenye kona ya jicho, akaridhika. Kijana mmoja akainuka, akajichungulia meno. "Kaka, inua kidogo," akaniambia. Nikainua! Sijui kwa nini niliinua. Mtoto akawa anatoa ulimi, anajicheka, anatoa tena, mama yake anamwambia, "Acha kumsumbua mjomba," na mjomba ni mimi, nimekaa na sinia langu, natazama dari.

Kisha babu mmoja kando yangu akavua miwani, akatafuta pa kuiweka. Akaona mahali. Akaiweka juu ya kioo changu, taratibu kabisa, akaendelea kujifuta uso kwa leso.

"Shikamoo babu," nikasema, kwa kuwa sikujua kingine cha kusema.

"Marahaba, mwanangu." Akakitazama kioo, akanitazama mimi. "Kazi nzuri hii. Unaviuza?"

Rafiki yangu alitoka nje. Nilimsikia kupitia dirishani, analia kwa kicheko, na ninaamini ndipo alipoanza kuwaandikia ninyi.

Kwa muuguzi mambo yalikwenda haraka kuliko heshima yangu ilivyotarajia. Mama mtu mzima, hakucheka, na hilo liliniuma zaidi. Aliuliza, "Umevuta?" Nikasema kidogo. "Mmetia maji baridi?" Nikasema bilauri. "Na hii pamba?" Nikanyamaza. Akaandaa maji ya uvuguvugu yenye sabuni, akaloweka, akapaka mafuta, akawa anabiringisha ngozi pembeni kwa pembeni kama anayemenya yai. Kuvuta hapana kabisa, alisema, ngozi ndiyo itakayokubali kuachia kabla ya gundi. Vidole vikaachana, kifungo cha kijani akanikabidhi. Ngozi ikatoka na wekundu tu na kaalama kadogo ka moto. Ndevu zikabaki kwa kioo. Akachukua mkasi. Krip, krip. Miezi mitano.

Akaniambia, anakata huku anaongea, kwamba ndugu wa gundi hii wanatumika hospitalini kufungia vidonda mahali pa nyuzi. "Kwa hiyo mwanangu, hukukosea gundi, umekosea mahali." Nadhani alikuwa ananifariji.

Usiku, kwa kuwa usingizi ulinikataa, nikamsoma aliyehusika. Jina la kitaalamu ni sianoakrileti. Mwaka 1942 mkemia Mmarekani Harry Coover na wenzake walikuwa wanatafuta plastiki angavu ya kutengenezea vifaa vya kulengea vya bunduki, wakakutana nayo, wakaiweka kando kwa sababu ilikuwa inanata kwenye kila kitu ilichokigusa. Ikaja kuuzwa kama gundi mwaka 1958. Yaani kasoro yake iliandikwa kabla wazazi wangu hawajazaliwa, na mimi nimeigundua upya kwa kidevu.

Mengine ni machache. Nimenyoa zilizobaki, maana upande mmoja ulikuwa na ndevu na mwingine historia. Kioo kimemalizwa, kwa gundi nyeupe, kililala usiku kucha kama mwana mwema, na kifungo cha kijani nimekibandika juu ya lile bonge la pamba, ambalo limekataa kutoka. Ukisogea karibu utaziona nywele nne zimechomoza pembeni yake. Wageni wanadhani ni urembo.

Leo asubuhi nilirudi kuonyesha ile alama ya moto. Nimeingia kwa kujiamini, kidevu juu, mikono mitupu. Yule babu alikuwa pale pale kwenye benchi. Akanipisha nikae, akavua miwani, akaishika mkononi, akanitazama chini ya kidevu, na nikaona kabisa uso wake umenyong'onyea.

"Leo hukuja nacho?"