Anwani ya aliyekimbia kipigo: nani aijue?

Julai 1989, mwigizaji Rebecca Schaeffer alipigwa risasi mlangoni kwake, Los Angeles. Muuaji alikuwa akimwandama kwa miaka. Alimlipa mpelelezi binafsi, naye akaipata anwani kutoka idara ya California inayosajili magari. Mwaka 1991 jimbo la Washington lilianzisha mpango wa anwani mbadala: mwathirika wa ukatili hupewa sanduku la posta la serikali, barua zake hupitia huko, na makazi yake halisi hubaki siri.

Kwa Tanzania, mpango huo ungeziba tundu dogo. Barua zetu tangu zamani zinakwenda S.L.P. Mke anayekimbia kipigo, akahama Mbagala kimyakimya kwenda Morogoro na watoto, hafichuliwi na posta. Mume anakwenda shule ya zamani ya mtoto, anajitambulisha kuwa baba, na kweli ni baba, anauliza uhamisho umekwenda wapi. Mwalimu anamtajia. Pasipo mwalimu yupo shangazi, anayemwelekeza kwa nia njema ili "wakayamalize".

Kumbukumbu nazo zinaongezeka. Operesheni ya Anwani za Makazi ya 2022 ilizipa nyumba namba na barabara majina, na siwezi kuipinga: gari la zimamoto linahitaji kujua pa kwenda. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazibana taasisi zinazokusanya taarifa zetu. Shangazi haimgusi.

Lakini siri nayo ina gharama, na hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema mwanamke asimwambie mtu yeyote. Mlango ukigongwa saa nane usiku, atakayetoka na tochi ni jirani. Jirani asiyejua lolote atadhani ni ugomvi wa mke na mume, arudi kulala. Mjumbe asiyeambiwa atamsindikiza mgeni hadi mlangoni kwa ukarimu tu. Kwa hiyo mjumbe na jirani mmoja waambiwe. Ukoo usubiri, hata ukinuna.

Wapo pia akina baba wasio na kosa, wenye haki ya kuwaona watoto wao. Haki hiyo haidai kuijua nyumba. Wanaweza kukutana nao ofisi ya ustawi wa jamii.

Ningeanza na shule. Mama akishafungua shauri Dawati la Jinsia la polisi, anakosoma mtoto pasitajwe kwa anayekuja kuuliza, hata akiwa na cheti cha kuzaliwa mkononi. Aelekezwe ustawi wa jamii.