Fritz Pollard hakuwa kocha nusu

Art Shell alipokabidhiwa timu ya Los Angeles Raiders mwaka 1989, alipokewa kama kocha mkuu wa kwanza mweusi wa zama mpya za NFL, ligi ya kulipwa ya futiboli ya Kimarekani. Ni heshima yake, simnyang'anyi. Ila zama zikishakatwa mahali panapowafaa wakataji, mtu kama Fritz Pollard, mweusi aliyefundisha katika ligi hiyo tangu 1921, hubaki nje ya hesabu, na sioni kama hilo lilitokea kwa bahati mbaya.

Pollard alizaliwa Chicago mwaka 1894. Alikuwa mdogo wa umbo, kilo 75 hivi, katika mchezo wa majitu. Mwaka 1916 aliichezea timu ya Chuo Kikuu cha Brown kwenye Rose Bowl, pambano kubwa la vyuo, mweusi wa kwanza kulishiriki. Mwaka 1920 akawa na Akron Pros ya Ohio, ligi iliyokuja kuitwa NFL ikiwa ndiyo kwanza inaanza, wakachukua ubingwa bila kufungwa hata mara moja. Msimu uliofuata alikuwa kocha wa timu hiyo pamoja na Elgie Tobin, huku bado anakimbia na mpira.

Na ubingwa haukumnunulia amani. Mjini Akron alibadilishia nguo kwenye duka la sigara, si pamoja na wenzake. Akiangushwa uwanjani, wapinzani walimrukia hata mchezo ukiwa umesimama, ndipo akazoea kugeuka chali na kuinua miguu, njumu zikiwaelekea. Anayetaka kuruka, aruke!

Wapo wanaosema alikuwa kocha mwenza tu, tena mchezaji, kwa hiyo asihesabiwe. Hoja dhaifu sana hiyo. George Halas wa Chicago Bears naye alicheza huku akifundisha, na sijasikia anayempunguzia lolote.

Baada ya msimu wa 1933 ligi haikuwa na mchezaji mweusi hata mmoja mpaka 1946. Pollard, aliyekwisha kuondoka NFL mwaka 1926, hakukaa kulia: aliunda Chicago Black Hawks, timu ya wachezaji weusi, kisha akafundisha Brown Bombers ya New York, nayo ya weusi. Alimlaumu Halas waziwazi kwa kuchangia kuwafungia weusi mlango. Halas alikana.

Ukumbi wa Mashujaa wa futiboli ya kulipwa, mjini Canton, Ohio, ulimwingiza Halas katika kundi lake la kwanza kabisa, mwaka 1963. Pollard aliingizwa mwaka 2005, miaka 19 baada ya kufariki.