Tukichangia makumbusho ya Lubumbashi, tuanze na paa

Juzi tulikuwa kilioni kule Katuba, komini moja ya hapa Lubumbashi, na kama kawaida papa mmoja alikaa kwa meza ndogo karibu na mlango na kaye (daftari) ya shule, kila anayeingia anatoa alicho nacho na jina lake linaandikwa pale pale, huyu falanga elfu tano, huyu kilo za unga, huyu mfuko wa makala ya kupikia. Siku ya kutawanyika kaye ikasomwa kwa sauti mbele ya watu wote, kilichoingia na kilichotoka, mpaka bei ya sanduku na ya basi ya kwenda makaburini. Hakuna mtu aliuliza makuta, ni kusema pesa, ilienda wapi.

Mimi nikiwa pale nikawaza makumbusho yetu ya hapa mjini, ile iliyoanzishwa 1946, na hili neno la watu kuchanga ili galari zake, vyumba vya maonyesho, zitengenezwe. Mara ya kwanza niliingia na wenzangu wa darasa, primeri ya tano, na kitu nilichobaki nacho kichwani ni misalaba ya mukuba, ni kusema shaba. Mwalimu akatuambia hii ilikuwa makuta ya babu zetu, wengine walitolea mahari, na kule Sanga kando ya ziwa Kisale wachimbaji wa mambo ya kale waliikuta makaburini, midogo dogo, karibu na mikono ya marehemu. Nilishangaa sana juu sisi watoto wa hapa tunakua tunaangalia shimine (bomba la moshi) ya kiwanda cha mukuba kila siku, tunafikiri mukuba ilianza na Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji. Union Minière ni ya 1906, mji wenyewe 1910! Wenzetu wa Sanga walikuwa wanaijua karne nyingi mbele ya hapo. Mtoto asipoiona kwa macho atajulia wapi?

Kwa hiyo mimi naunga mkono kabisa watu wachange ili galari zitengenezwe vizuri. Lakini niko na neno moja, na najua wengine hawatalipenda: makuta ya kwanza isiende kwa rangi wala vioo vipya, iende kwa paa, mifereji ya maji, nyaya za umeme, stoo na rejista. Juu nimeona michango mingi, si ya makumbusho tu, hata ya makanisa, kila mtoaji anataka jina lake libandikwe ukutani pale watu wanapita, hakuna anayetaka jina lake liandikwe kwa mfereji. Na adui wa sanamu ya mti hayuko kwenye ukuta wa mbele. Hapa kwetu mvua inapiga tangu Novemba mpaka Machi, mti unavimba, halafu mwezi wa sita na wa saba baridi na vumbi, hewa kavu, mti unapasuka. Na mchwa je? Hawa wetu, wa vile vichuguu vikubwa tunavyofyatulia briki, wakipata njia moja tu chini ya mlango wanakula kinyago cha miaka mia bila kelele. Rejista nayo ni vile vile, kitu kisicho na namba na picha kikiibiwa leo, kesho utakidai namna gani?

Kinshasa walijengewa makumbusho mpya na Korea ya Kusini, karibu dola milioni 21, ikafunguliwa 2019, na tunawashukuru kweli. Makumbusho ya Afrika ya Tervuren, kule Ubelgiji, walifunga 2013 kwa kuitengeneza, wakafungua Desemba 2018. Halafu Juni 2022 mfalme wa Wabelgiji akaja na kinyago cha Kakuungu cha Wasuku, akakiacha Kinshasa kwa mkopo. Mkopo! Kitu chetu. Safari ile ile akafika mpaka hapa kwetu. Kila tukidai vyetu virudi kuna mtu anauliza mtaviweka wapi, na swali hilo linaniuma juu wale waliobeba hawakuuliza kitu, lakini nataka siku moja tuwe na stoo kavu ya kuwaonyesha.

Kwa hiyo tufanye kama kilioni. Kaye moja mlangoni, kila mwezi ukurasa wake ubandikwe pale nje kila mtu asome, huyu alitoa kiasi gani, mabati yalinunuliwa mangapi. Na fundi wa kuchoma vyuma asiye na falanga atoe siku yake moja, iandikwe pia, mama wa soko la Kenya, komini yetu ya hapa Lubumbashi, akitoa falanga elfu moja iandikwe kwa wino ule ule wa dirikitere (mkurugenzi) wa kampuni.

Vitu pia tutoe. Papa yangu alifanya kazi Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, kofia yake ngumu ingali imetundikwa kwa msumari nyumbani, namba imepigwa kwa rangi nyeupe, ngozi ya ndani imekuwa nyeusi kwa jasho lake. Nilimwambia mama siku moja tuipeleke makumbusho. Akasema sawa, lakini kwanza aione paa yenyewe kwa macho yake, mvua ikinyesha. Yuko na haki.