Wazo lako kazini, upitie watu kwanza au ulimwage kikaoni?

Huu ubishi wa maofisini hauishi. Ukiwa na wazo zuri, uanze kuongea na mtu mmoja mmoja pembeni au ulipeleke moja kwa moja kikaoni? Hiyo ya kupitia watu kwanza Wajapani wana neno lake, nemawashi, asili yake ni kuchimba taratibu kuzunguka mizizi kabla ya kuhamisha mti, na mimi niko upande huo japo wanaopinga wana pointi nzito.

Mcheki daktari Semmelweis pale Vienna mwaka 1847. Aliwaambia madaktari wanawe mikono kwa maji ya klorini, vifo vya kina mama waliojifungua wodini kwake vikashuka kutoka zaidi ya asilimia 10 hadi karibu 2, yani ushahidi upo mezani kabisa, na bado wakubwa wengi wakamkataa. Alichelewa mno kuandika, kitabu kilitoka 1861, halafu akaja kuwaandikia barua za wazi akiwaita wauaji. Jamani, kukubali wazo lake ilikuwa ni kukiri umeua wagonjwa wako mwenyewe, nani anakiri hivyo mbele za watu? Inauma sana maana alikuwa sahihi, na waliolipia ni wale kina mama.

Ila sasa kupitia watu pembeni nako kuna sumu yake. Makundi yanaanza, kikao kinabaki cha kugonga muhuri tu, aliyerukwa anajua amerukwa na ananuna, na kila unayemwona anaongeza kitu chake mpaka wazo linakosa makali. Na mfanyakazi mdogo ataingiaje ofisi ya meneja kupiga stori? Kwake kikao ndo sehemu pekee ya kusikika, na mihutasari inabaki kama ushahidi kwamba wazo lilikuwa lake, hili mi nalikubali kabisa.

Kinachonifanya nibaki upande wangu ni kwamba tatizo naliona kwenye nani unampitia. Wengi tunakimbilia bosi, wakati mzigo ataubeba mtu wa stoo au wa zamu ya usiku. Anza na huyo, muulize hii kitu itakwama wapi, akikuonyesha irekebishe, halafu kikaoni taja jina lake wazi kwamba hapo yeye ndo aliona.