Klasta ya databesi kwenye seva za kukodi imenichosha

Jamani hii kitu inanitoa roho. Nipo zangu Ngamiani hapa Tanga, saa nane usiku simu inalia, nafungua laptop usingizi umejaa machoni nakuta nodi moja, yaani seva moja kati ya zile zinazoshika databesi ileile kwa pamoja (ndo klasta yenyewe), imepotea. Haijafa, ipo, ila mtandao kati ya seva na seva umeyumba sekunde chache tu wenzake wakaitoa kundini.

Mwanzo nilikuwa na nodi 2 nibane hela, kumbe Galera, programu inayoziunganisha hizo nodi, inataka zaidi ya nusu ya nodi ziwe zinaonana ndo iendelee na kazi, 1 kati ya 2 ni nusu tu, basi ile iliyobaki nayo inagoma, kila ukiiuliza inajibu haijawa tayari. Data zote zipo humo ndani na huwezi kuzigusa! Nikaongeza ya 3.

Sasa nodi ikikaa nje muda mrefu, ikirudi inavuta nakala ya databesi nzima toka kwa mwenzake, na diski hizi za kukodi zimewekewa kikomo cha spidi, kwahiyo anayetoa nakala naye anazidiwa, na nodi moja ikibaki nyuma inawaambia wote wapunguze mwendo. Asubuhi muuza duka anayetumia huu mfumo amesimama na mteja mbele yake wanasubiri risiti, kiduara kinazunguka tu, ananipigia "kaka vipi tena".

Halafu bili. Inalipwa kwa dola, na data inayopita kati ya zoni na zoni (vituo tofauti vya seva) wenye seva wanaihesabu kila gigabaiti. Yaani mtandao ukatike kwao, kunakili upya nilipe mimi? Hapana kwa kweli.