Mdimu Akwama Shangani

Wageni wa Shangani, Mtwara, wana desturi moja ambayo sisi wa Mikindani hatujaizoea mpaka leo. Shughuli yao ina saa ya kuanza na saa ya kwisha, zote zimeandikwa kwenye kadi: saa 10 jioni mpaka saa 12. Halafu kila mtu aje na chakula chake. Mama nilipomsomea aliniuliza, "Sasa hao wanakualika au wanakufukuza?"

Bosi ninayemwendesha, Mskoti aliyekuja kwa ajili ya gesi ya Msimbati (ile iliyogunduliwa tangu 1982), alikuwa anaaga. Akataka wenzake waone ngoma ya Kimakonde, nusu saa tu, kati ya kuku na keki. Nikaenda kwa Mjomba, mkuu wa kikundi.

"Nusu saa?" akacheka. "Njomba, hiyo ni ya kupasha ngoma moto."

Walifika saa 11 na nusu, Canter imejaa wachezaji, waitikiaji, na wengine walioiona tu gari ikipita wakadandia. Kwa kuwa niliwaambia habari ya chakula, walikuja na debe la ming'oko, vile viazi vyetu vya porini. Akina mama walibeba na mahotipoti, matupu, ya kurudia.

Ngozi za ngoma zilikuwa zimelegea kwa unyevu wa bahari. Mjomba akatafuta moto, akaliona jiko la kuchomea nyama. Soseji zikasogezwa pembeni kwa adabu zote, ngoma ya likuti ikainamishwa juu ya makaa. Mama mmoja Mfaransa akaniuliza inachukua muda gani kuiva.

Sasa, kuna zile ngoma ndogo, vinganga, zina mguu mrefu uliochongoka, unachomekwa ardhini. Tatu ziliingia vizuri kwenye zile nyasi za kupanda. Ya nne ikakutana na bomba la plastiki. Maji yakaruka hadi kwenye paa. Wageni wakapiga makofi! Mjomba kusikia makofi, akaongeza mdundo. Bosi, mtu aliyezoea kufunga na kufungua visima vya gesi, akazunguka nyumba nzima asiione koki ya bustani.

Ndipo akaingia mdimu, mcheza kinyago wa Kimakonde, juu ya milonjo, yale magongo marefu ya kutembelea, kinyago usoni, nguo kuanzia shingoni mpaka chini. Akazunguka mara moja, vigelegele. Akazunguka mara ya pili, milonjo ikazama kwenye tope. Akabaki pale kama nguzo ya simu, ameinama kidogo upande wa keki.

"Mwambie avue kinyago apate hewa," Bosi akasema.

"Avue nani?" Mjomba akashangaa. "Mle hamna mtu."

Na mbele ya wanawake ndivyo ilivyo: mdimu ni mzimu, havuliwi hadharani. Nikatafsiri vilevile, hamna mtu. Sauti ikatoka kinyagoni, kwa Kimakonde, inaomba soda.

"Huyo asiye mtu anasema nini?"

"Anakutakia safari njema, Bosi."

Mrija ukapenyezwa kwenye mdomo wa kinyago, akina mama wakaombwa watazame baharini. Ilikuwa Fanta, na ilikwisha haraka.

Tulimchimbua kwa jembe saa 2 usiku. Kumfungua milonjo pale haikuwezekana, hivyo tukamlaza kwenye pikapu yangu, milonjo imetokeza nyuma, tumeifunga kanga nyekundu. Njia ya Mikindani, trafiki akatusimamisha. Mwanamke.

"Mmebeba nini?"

"Mdimu," Mjomba akajibu, amekaza uso.

Akammulika tochi toka kinyago mpaka milonjo. Mdimu, ambaye alikuwa amelowa chapachapa, akapiga chafya.

Kimya. Mjomba akaanza kukohoa kwa nguvu, eti ndiye aliyepiga.

"Haya nendeni," trafiki akasema, anazima tochi. "Ila mfunikeni huyo mtoto wa watu, atapata mafua."